Mji wa Kwenye Kompyuta ya Mjomba

Juzi kijana wa upimaji ardhi alichora X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba ya mama kule Unyambwa. Inabomolewa, barabara ipite. Bado nina hasira.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni dukani kwa mjomba, harufu ya alizeti ikitoka kwenye mashine ya jirani ya kukamua mafuta, nami nikijenga mji kwenye gemu la kompyuta nililolipenda kuliko kula. Barabara yangu ilizuiwa na nyumba kadhaa. Nikazibofya, zikaanguka kwa mlio mtamu.

"Na wenyewe wanaenda wapi?" mama aliniuliza, amesimama nyuma yangu.

"Watahama tu, mama," nilijibu bila kugeuka. Niliamini kweli wana pa kwenda.

Juzi mama alimuuliza kijana yule swali lilelile.

"Mtahama tu, mama," alijibu, macho kwenye kishikwambi.

Mimi nilikuwa mtoto. Yeye ana ndevu.