Suke la Ulezi Juu ya Jiwe la Mama

Mama alipofariki akijifungua, baba alitafuta jiwe bapa akalichonga kwa patasi, kazi aliyojifunza misheni. Jina hakuandika. Marehemu hakujua kusoma, alisema, kwa nini alale chini ya maneno asiyoyaelewa? Alichonga msalaba mdogo, na chini yake suke la ulezi lililovunjika shingo. Suke zima aliwachongea wazee waliokufa wamekula chumvi nyingi. Lililovunjika lilikuwa la aliyeondoka kabla ya mavuno.

Kisha tukaamriwa kuhamia kijiji kipya, kando ya barabara ya Namanyere. Lori lilibeba watu, kuku na magunia. Nilimsihi baba tuchukue na jiwe, akakataa. "Tukiling'oa, tutajuaje mama yako alipo?"

Mwaka uliofuata, Siku ya Marehemu, tulirudi na maua. Makaburini palikuwa pamegeuzwa shamba la kijiji. Kote yalijaa matuta ya mviringo, yale tunamofukia majani yaoze, na kila tuta lilikuwa sawa na kaburi. Mawe yalikuwa yametupwa pembeni, mengine watu wameshajiokotea. Baba alivua kofia akapita tuta kwa tuta, akiinama kila mahali, mpaka nikamwomba tuondoke. Maua tuliyaacha popote. Nilichukia kila aliyeshika jembe pale, na sijaacha.

Jiwe tulilikuta baadaye katika kijiji chetu kipya, jikoni kwa jirani aliyehamishwa kutoka upande wa Mollo. Alikuwa amelipigia magoti, anasaga. Msalaba ulikuwa umemeguka. Suke lilibaki, limefifia, unga umejaa kwenye mistari yake.

"Nililiokota pembeni mwa shamba la kijiji, baba," alisema. "Nikaona suke, nikajua mwenyewe aliliwekea alama kuwa ni la kusagia ulezi."

Baba alipomweleza, mama yule alijifunika uso kwa kanga. "Lichukueni. Mnisamehe."

Nilingoja baba alibebe. Alilipapasa tu kwa kidole. "Nilipeleke wapi?" alisema. "Saga tu, mama."

Nilitamani afoke, avunje kitu. Aliketi. Jirani, kwa aibu yake, akatupikia, na kwetu chakula cha mwenye kuomba radhi hakikataliwi. Ugali ulikuwa na chengachenga za jiwe. Baba alikula akiangalia ukuta. Nami nilizisikia zikikwaruza menoni, nikameza.