Maalimu wa Chunyu na Neno "Juu"

Siku Sabaha alipofika Chunyu kununua karanga za Maalimu Habibu, alimkuta amekaa kwenye gunia anabangua taratibu, kana kwamba mteja ni upepo unaopita.

"Bei yako iko juu mno, Maalimu. Ishushe kidogo tuelewane."

"Iko juu wapi, dada?" Habibu aliangalia paa. "Mbona siioni?"

Sabaha alicheka bila kutaka. Alikuwa amebishana na wakulima kuanzia Narung'ombe mpaka kwao Nachingwea, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza bei inakaa wapi.

"Juu ya uwezo wangu," alijibu.

"Hapo sawa. Bei haina ngazi, ila bila kusema juu na chini tusingeuziana kitu. Na Mwenyezi Mungu ndivyo tunavyomsema. Tunasema yuko juu, mikono tunainua, lakini si juu kama bibo kwenye mkorosho. Bibo unaweza kulifikia kwa fimbo ndefu."

Bei ilishuka kidogo, na Sabaha akaondoka na mzigo. Tangu hapo, kila akija Chunyu alipitia darasa la Maalimu baada ya alasiri, akaketi na wanawake nyuma ya pazia la msikiti. Hakuwa mtu wa kulialia dini. Alipenda tu hesabu inayotoka, na ya Habibu ilitoka. Roho haimo ndani ya mwili kama karanga ndani ya ganda, alifundisha, maana karanga ukiitoa unaishika. Watu wawili kwenye mkeka mmoja wanaweza kuwa mbali, na mtu akawa karibu na Mola wake bila kusogea hata hatua. Maneno yote hayo ya mahali, alisema, tumeazima, kwa sababu akili zetu hazina pengine pa kushika.

Darasa lilimfaa Sabaha hata sokoni. Wakulima wa huko hawaamini debe la mchuuzi. Wanajua linavyogongwa kwa ndani likatuna tumbo, likabeba zaidi. Debe la Sabaha walilipokea bila kulikagua. "Huyo anasoma kwa Maalimu," walisema, na yeye hakuwa na mtaji mwingine mkubwa kuliko huo.

Kisha maneno yakamfikia Mzee Abdala, mwenyekiti wa kamati ya msikiti: Habibu anafundisha kwamba Mungu hayuko juu. Kikao kikaitishwa baada ya Ijumaa. Ikithibitika, darasa atapewa mwingine.

Habibu alimfuata Sabaha kwenye mzigo wake.

"Dada, utanisemea? Wanafunzi wangu wanaume wote wameingia mitini."

"Nitasema nilichosikia."

"Hicho hicho. Ukishaanza wewe, mimi nitamalizia."

Kikaoni Sabaha akasimama nyuma ya pazia, akaeleza yote: bei, bibo, ganda la karanga. Alieleza vizuri, maana kueleza mali ndiyo kazi yake.

"Maalimu," Mzee Abdala aliuliza, "haya ni yako?"

Habibu aliinamia zulia.

"Mimi nilisema Mungu yuko juu, basi. Hayo ya mabibo na karanga ni ya dada mwenyewe. Mchuuzi huyu, kila kitu kwake ni mzigo."

Wanaume wakaangua kicheko. Sabaha alimgeukia Moza, aliyekaa naye darasa zima.

"Moza, si ulikuwepo?"

"Mimi nilikuwa nanyonyesha. Usinitie humo, shoga." Moza akajifunika khanga, akasogea pembeni.

Msimu uliofuata debe la Sabaha liligeuzwa kitako juu, likagongwa, likachunguliwa kama sufuria inayovuja. "Aliyemzulia Maalimu," alisema mama mmoja bila hata kushusha sauti, "atashindwa kutuzulia debe?" Sehemu kubwa ya karanga ilikwenda kwa wachuuzi wengine.

Habibu alimfuata Sabaha sokoni Nachingwea, na karanga kidogo kwenye mfuko.

"Wangenitoa, dada. Kwa umri huu nikaanze wapi?"

"Rudi ukawaambie ukweli."

"Wewe una masoko mengi. Mimi nina pale tu."

"Kwa hiyo ulinipima, ukaona mimi ndiye wa kutupwa."

Habibu alisukuma mfuko mbele, wa zawadi. Sabaha akaupima kwenye mizani, akamlipa bei ya siku hiyo, asije akamdai hata shukrani.

Habibu alibaki na darasa lake, kwa sharti la kusoma kitabu bila kukifafanua, na wasikilizaji wake wakapungua. Sabaha sasa ananunua Kilimarondo, njia mbovu, kwa watu wasiomjua, na analipeleka debe mwenyewe likakaguliwe kabla hajaombwa. Alichofundishwa bado anakiamini. Hilo ndilo linalomkera zaidi, kwamba mali ilikuwa safi, na muuzaji mwenyewe ndiye aliyeikana.