Mbunge Aliyegoma Kusaini Mahudhurio

Jumanne nilipigiwa simu nikiwa Kariakoo nabishana bei ya vitunguu: mzee wetu wa mtaani amefariki. "Innalillahi," nikasema, na papo hapo, Mungu anisamehe, nikawaza: sasa kikaoni Jumamosi nani atanisemea?

Wasomaji vijana hawamjui. Alikuwa mbunge miaka ya mwanzo ya uhuru, Bunge likiwa bado changa, akakaa kipindi kimoja tu. Sababu alinisimulia mwenyewe, tukinywa kahawa barazani kwake. Siku hiyo uliletwa muswada mrefu, naye anawahi harusi ya dada yake. Wenzake wakaitikia ndiyo, naye akaitikia. Alipokuja kuusoma, akakuta wapiga kura wake wamenyang'anywa mashamba ya babu zao. "Nilisema ndiyo kwa sababu ya pilau," aliniambia, wala hakucheka. Alirudi kwao, akakiri, akaomba radhi. Uchaguzi uliofuata wakampumzisha.

Tangu hapo akawa kero vikaoni. Vikao vya mtaa wetu huanza kwa kusaini mahudhurio. Muhtasari huandikwa baadaye, watu wameshatawanyika. Karatasi ikimfikia, anaiweka mapajani. "Andikeni muhtasari, msome, ndipo nisaini." Tulimwona ana nongwa tu. Hata mimi niliwahi kumwambia, "Mzee, unatuchelewesha bwana!"

Mwezi uliopita alikuwa anaumwa, hakuja. Karatasi ikapita chapuchapu, nikasaini, nikaenda zangu. Wiki iliyopita ndipo nikauona muhtasari: eti wakazi tumeridhia mama lishe wa uchochoroni kwetu waondolewe. Lo! Neno hilo hatukulijadili kabisa, na kwenye mahudhurio yaliyoambatishwa, saini yangu ni ya pili kutoka juu. Nilimkimbilia mzee kitandani. Akasema kikao cha Jumamosi atakuja kwa bajaji, tusimame pamoja kuukana muhtasari huo. Tangu Jumanne sijapata usingizi wa maana.

Jana msibani, mama lishe anayenilisha miaka yote alikuwa akiwapakulia waombolezaji wali. Akaniita pembeni.

"Kaka, nasikia kuna karatasi ya kutuondoa. Wewe msomi, umeiona?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Nimeiona, dada. Na saini yangu imo."

Upawa ukabaki hewani. Akanitazama, kisha akasema taratibu, "Basi usiniambie mimi. Kawaambie wao, kikaoni."

Alichoniachia marehemu ni hiki: ukishakubali jambo bila kulisoma, kunung'unika barazani hakusaidii kitu. Unarudi mbele ya watu, unasema kosa ni langu, hata kama utasimama peke yako. Kikao ni kesho saa nne. Naogopa, tena sana, lakini nitakwenda.