Lukuga Kwenye Sahani ya Bukari

Jamani, aibu hii niliificha hata kwa mume wangu, lakini kwa kuwa watoto wa mwaka wa tatu wameshaieneza Kalemie nzima, bora mnisikie mimi mwenyewe, madame wao.

Shule yetu ilipewa tableti moja yenye mwalimu wa akili bandia, anayeongea Kiswahili na kuuliza maswali, nami nikamwachia Furaha, mwanafunzi wangu asiyeona, akae nayo kwenye kona na visikilizio masikioni, maana vitabu vya kusoma kwa vidole hatuna (hata vya kawaida tunavigombania). Siku moja baba yake, anayefanya kazi bandarini, akaja kumtoa.

"Madame, mutoto haone ubao, anakuya kufanya nini? Abakie ku nyumba."

Nikamsihi aje kesho aone kwanza.

Hapo kiherehere kikanipanda. Kwetu mgeni akija darasani watoto wanaandaliwa, ndivyo nilivyolelewa, kwa hiyo nikaisikiliza mashine, nikachukua maswali yake mawili ya siku hiyo, nikawakaririsha watoto majibu waitikie kwa pamoja: la kwanza "kumi na mbili", la pili "Lukuga", ule mto unaotoka ziwani kwetu. Furaha sikumhangaisha, alikuwa kwenye kona yake na visikilizio vyake. Kesho yake nikaazima spika ya kwaya ili Papa Furaha asikie vizuri (na nani aliniomba spika?).

"Ng'ombe mmoja ana miguu mingapi?" mashine ikauliza.

"Kumi na mbiliii!"

Mungu wangu! Kumbe ile mashine inabadilisha maswali kila siku! Nikawakonyeza wanyamaze, wao wakadhani nataka sauti zaidi.

"Tujaribu lingine. Sahani ya bukari ikigawiwa watu wawili sawasawa, kila mmoja anapata kiasi gani?"

"Lukugaaa!"

Mto mzima kwenye sahani ya ugali, na dirishani wapita njia wameshajaa. Ndipo sauti ndogo ikatoka kwenye kona.

"Ngombe ni miguu ine. Bukari ni nusu."

Mashine ikampongeza, halafu, kwa upole ambao sitausamehe, ikawauliza wengine majibu yao waliyapata wapi.

"Kwa madaaame!"

Papa Furaha akasimama. Nikajua basi, mtoto anaondoka, na kosa ni langu, nikataka kulia palepale. Akaenda mpaka kwenye kona, akamwekea mwanawe mkono kichwani.

"Ni weye njo umejibu?"

"Ndiyo, papa."

Kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Madame, mutoto atabakia. Lakini umuachie ile mashine. Weye usimufundishe kitu."

Tangu siku ile mgeni akija simkaririshi mtoto neno, hata salamu. Na sokoni napita njia ya nyuma, maana wauza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wakiniona tu wananiuliza kama nataka fungu zima au Lukuga.