Ukuta wa Upande wa Persis

Ramani ya shule mpya ya ghorofa ilipobandikwa kijijini Birongo, majirani walileta hofu zao. Mmoja aliogopa maji ya paa yangezoa michai yake. Kisha akasimama Persis, mwalimu mstaafu, mjane wa mtu aliyetoa uwanja wa shule.

"Madirisha ya juu yataangalia boma langu," alisema. "Watoto wamchungulie mume wangu kaburini?"

Kaburi lilikuwa uani, limepambwa vigae vyeupe. Lakini kilichomkereketa Persis ni Linet, muuza ndizi wa boma la upande wa pili, ambaye hakumaliza hata shule ya msingi na bado mwanawe ndiye aliyechora ramani ile.

"Basi yaangalie kwangu, Mwalimu," Linet alisema kwa upole. "Mimi sina cha kuficha ila kuku."

Watu wakacheka. Persis akaketi, ameshinda.

Siku ya kufungua shule, wanafunzi walijaa madirishani wakimpungia Linet mikono, naye akawapungia kutoka kwenye migomba yake. Upande wa Persis ulikuwa ukuta mtupu. Vigae alivyovisugua tangu alfajiri havikuonwa na mtu.

Alimfuata Manasseh, fundi aliyekuwa akikusanya mbao.

"Ukuta huu unaweza kutobolewa dirisha?"

"Mnataka hewa zaidi, Mwalimu?"

"Watoto wanapaswa kumjua aliyewapa uwanja," alijibu. Akatazama kule kwa Linet. "Na liwe pana kuliko yale."