Ekra ya Kusomea Nukta

Kwa miaka thelathini Bulaimu aliwaandikia watu wa Kasongo. Alianza na mashini ya kupiga chapa, ile iliyolia kama mvua ya mawe juu ya mabati, akaja kwenye kompyuta, na watu wakamletea barua za kuomba kazi, hati za viwanja, kazi za wanafunzi wanaomaliza chuo. Siku hizi wanafunzi wanaandika kwenye simu, na mlango wake unafunguliwa na upepo tu. Kazi moja ilibaki, na hiyo hakutumwa na mtu.

Marehemu baba yake, Mwalimu Ramazani, aliacha daftari la Kiswahili lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu: nani alizaliwa na nani, nani alitoka Nyangwe, nani aliletwa akiwa mtumwa akafa akiwa na shamba lake. Mvua ya mwaka juzi ilipenya kwenye paa ikalifanya uji. Bahati nzuri Malaika, binti wa Bulaimu, alikuwa amepiga picha kurasa zote kwa simu, na picha zikaingia kwenye kompyuta. Nyumbani mle hakuna mwingine aliyejua kuusoma mwandiko ule. Bulaimu alitaka kuyaandika majina yote kwa herufi za kawaida kabla hajamfuata aliyeyaandika.

Tatizo, alisema, ni ekra, kioo cha kompyuta. Ilikuwa ndogo, imezeeka, pembe zake zimekuwa nyeusi. Hilo kila mtu aliliona. Lakini katikati pia, alisema, kuna doa kama moshi, nalo linameza nukta. Na herufi zile bila nukta si kitu. Nukta moja chini ni be, moja juu ni nuni, mbili juu ni te. Nukta ikipotea, binti wa mtu anakuwa binti wa mwingine.

Nourdine, mume wa Malaika, naye alikuwa na shida yake. Katika chumba cha mbele aliwafungulia vijana mchezo wa mpira wa kwenye mashini, lakini televisheni yake ilikuwa inachelewa: unabonyeza sasa, mchezaji wako anapiga mpira ukiwa umeshanyang'anywa. Vijana walimcheka, wakahamia chumba kingine karibu na soko.

Ndipo Rachida, muuza vifaa wa Kabambare, akapiga simu. Amepata ekra mbili kutoka Kalemie, bei moja. Ya kwanza ni ya michezo: imepinda kama ungo, mpira unakimbia humo bila kuacha mkia, ila inakula umeme wa jua kwa pupa. Ya pili ni ya kazi: haina mbwembwe, haichomi macho, na unaweza kuisimamisha wima kama karatasi. Zote ni pusi ishirini na saba, na pusi moja ni upana wa kidole gumba.

Nourdine akaanza kupima ukutani kwa kidole gumba. Bulaimu akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Kidole ya nani, mukwe? Ya kwako ama ya Rachida?"

"Ya Rachida, papa. Ya kwangu imekonda."

Akiba ya nyumba ilitosha ekra moja. Rachida alikuwa amewaambia kwamba ile ya michezo inaandika pia, basi wangeweza kugawana. Bulaimu alikataa. Alijua kitakachotokea: vijana watajaa toka asubuhi, na hakuna atakayewatoa kwa ajili ya majina ya wafu. Nourdine alisema neno lake mara moja tu, kwa upole, kwamba chumba kikifa itabidi awafuate wenzake Lusangi kuchimba dhahabu. Bulaimu akasema, "Uniletee ile ya kusimama."

"Sawa, papa."

Mkwe hamrudishii baba mkwe neno mara mbili. Nourdine akaenda Kabambare kwa pikipiki, akarudi na ekra mgongoni, imefungwa kati ya vipande viwili vya godoro. Kwenye daraja la miti pikipiki iliteleza, naye akajiangusha kifudifudi ili mgongo usiguse chini. Alifika na kidevu kimechunika.

Waliiwasha baada ya sala ya alasiri. Chumba kikawa cheupe. Faridah, mke wa Bulaimu, alisema inafanana na dirisha. Bulaimu akafungua ukurasa wa kwanza wa baba yake, akaukuza mpaka kila herufi ikawa kubwa kama sahani.

Doa lilikuwepo.

Akafuta kwa kitambaa. Akaigeuza ekra wima, akailaza tena. "Nourdine, imepasuka njiani?"

Nourdine aliinama akaikagua, kidevu chake kikiwa bado kibichi. "Haina hata mukwaruzo, papa."

"Iko safi," Malaika akasema. "Nukta ziko. Hii iko na moja chini. Hii iko na mbili juu."

Bulaimu akamgeukia binti yake, na doa likageuka naye. Likakaa palipokuwa na uso wa Malaika. Hapo akakumbuka kwamba kwa muda mrefu amekuwa akiwajua watu kwa sauti zao, na kila mara amelaumu jua, au moshi wa jikoni.

Siku tatu walifanya kazi pamoja, Malaika akitaja nukta asizozielewa, yeye akitaja majina asiyoyaona. Walipata nusu ya ukurasa. Kurasa zilikuwa mia na ishirini. Siku ya nne Nourdine aliuza televisheni, na siku ya tano Malaika alifunga vitu vyake, kwa sababu mume hangeenda Lusangi peke yake. Hakuna aliyekasirika. Malaika aliiacha ekra ikiwa wima, kama baba yake alivyotaka.

Sasa Bulaimu anaiwasha kila siku jua linapokuwa kali. Faridah anapopita na kapu la mihogo humuuliza amefika wapi.

"Kwa Batuli," hujibu. "Batuli binti wa."

Faridah hungoja kidogo mlangoni asikie jina, kisha huenda zake jikoni.