Bizari Kwenye Koo la Bata

Bata wa Naziha walikisusia chakula kipya asubuhi nzima, naye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiwatazama, kidole shavuni. Tangu aolewe pale Dikirnis, mji mdogo wa Misri, alikuwa akifuga bata na kuku juu ya paa, kama majirani zake wote, na bata aliwanenepesha kwa fuli, yale maharage mapana, yakiwa yamelowekwa usiku kucha. Unambana bata katikati ya magoti, unamfungua mdomo, unamsukumia maharage kooni kwa kidole gumba. Hakuwahi kujiuliza kama bata anaweza kuishi kwa kitu kingine.

Sasa ilimbidi ajiulize. Mjukuu wake Hazim, mtoto wa binti yake Samah, alikuwa na damu isiyopatana na fuli, na wala hakuna aliyejua mpaka mwaka jana, alipochota maharage mabichi kwenye ndoo ya bata akayatafuna. Kesho yake macho yakawa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, akakimbizwa hospitali kuongezwa damu. Tangu hapo Samah hakumleta tena.

"Mama, fuli ikiwa humo ndani, mwanangu hakanyagi," alisema kwenye simu, na wala hakuwa anatania.

Naziha alimtamani yule mtoto mpaka ilimuuma. Basi fuli yote akaigawa kwa majirani, akaanza kutafuta. Alichanganya chenga za mahindi, pumba za mpunga, mashudu ya alizeti na majani mabichi ya kulishia ng'ombe, akaonja mwenyewe, akakunja uso, akaongeza vichwa vya samaki vilivyokaushwa na kutwangwa. Kuku walikula bila maneno. Bata ndio walioleta maringo. Akawachunguza wee, mpaka akaona mmoja anachukua pumba, anatikisa kichwa kama aliyepaliwa, anakimbilia maji. Kumbe! Ni ukavu tu. Akakoroga ule mchanganyiko uwe uji mzito, na bata wakaufakamia mpaka wakapakana usoni. Naziha alicheka peke yake kule juu.

Aliyebaki na kinyongo ni mumewe, Abdelmawla, mstaafu wa reli, ambaye maisha yake yote alifungua kinywa kwa fuli yenye mafuta, ndimu na bizari nyembamba.

"Bata wamebadilishiwa chakula, sawa," alinung'unika mbele ya jibini yake. "Mimi nimekosa nini, Mama Samah?"

"Umemzaa aliyemzaa Hazim. Kula."

Bata walinenepa. Wakanenepa hata kuliko Naziha alivyotarajia, akawa anawapapasa vifua na kushangaa, kwani pumba haijawahi kumfanyia mtu muujiza. Lakini furaha ikauzidi udadisi, akampigia Samah simu. Samah akakubali: Ijumaa, baada ya swala, wangekuja kula.

Ijumaa asubuhi Naziha akachinja bata mmoja. Firigisi alikusudia kumwekea Hazim, maana firigisi hupewa mtoto anayependwa. Akaipasua aisafishe. Chenga, changarawe, na katikati yake vipande vya ganda la kahawia, laini, linalong'aa. Akarudi kwenye koo la bata, akalipasua kwa ncha ya kisu, akatoa harage moja zima, lililoiva. Akalinusa.

Bizari nyembamba.

"Bata gani anajiungia chakula bizari?" aliiuliza sufuria.

Akapanda juu, akausukuma mlango wa paa ili ulie kama kawaida yake, kisha akasimama kimya. Bata hawakuja kwenye chombo chao. Wote kwa pamoja walikimbilia nyuma ya banda la njiwa na kusimama pale wakingoja, shingo juu. Naziha akainama. Chini ya ubao kulikuwa na kopo la fuli, kipande cha mkate na kijiko, na makombo pande zote. Lilikuwa limefichwa asilione mtu mzima, kwa hiyo lilikuwa sawasawa na urefu wa mtoto wa miaka minne.

Abdelmawla alipopanda na gazeti lake kwapani, akamkuta mkewe amelikumbatia kopo.

"Nilikuwa nakula kidogo tu," alisema. "Wao wananikodolea macho, nifanyeje? Roho inanisuta, nawagawia."

"Na Hazim angekukodolea macho?"

Mzee akakaa juu ya ile ndoo na kujifuta uso kwa gazeti, akalia kama mtu asiye na desturi ya kulia.

Mara mlango wa chini ukagongwa, mapema kuliko walivyoahidi.

Naziha akashuka na kopo mkononi. Angeweza kulitupa kwa jirani. Ukuta wa paa ulikuwa wa kifuani tu. Samah alikuwa amesimama kizingitini, amemshika Hazim mkono, hajavuka.

"Mama, fuli imekwisha humu ndani?"

"Nilidhani imekwisha," Naziha alisema, akimwonyesha kopo. "Nimeikuta leo kwenye koo la bata. Baba yako alikuwa anakula kwa siri kule juu, makombo bado yapo. Huyu bata simpiki. Mkirudi kwenu sitakulaumu."

Samah alilitazama kopo.

"Mwaka jana nilikuuliza Hazim amekula nini," alisema taratibu. "Ndoo ulikuwa umeiona imepungua maharage. Ukaniambia hajala kitu. Daktari akahangaika mchana kutwa, na mimi nikahangaika naye."

"Niliona aibu."

"Najua. Fuli ningeifagia mwenyewe, Mama. Kufichwa ndiko kulikonizuia kurudi."

Kutoka juu ilisikika sauti ya ufagio. Mzee alikuwa ameshaanza. Samah akavuka kizingiti, akachuchumaa, akaanza kumfungua Hazim kamba za viatu.

"Kaanga mayai basi," alisema bila kuinua kichwa. "Na huo uji wa bata, utatuonyesha unavyoukoroga."